Kiti cha Viggo na Saa Moja

Kila mwaka, majira ya baridi yakishaisha na jua likaanza kukausha kokoto za barazani, Viggo Kragelund alitoa kiti chake cha kukunja stoo, akakiweka kando ya ua wa mierezi, akaketi na mpira wa maji mapajani kama mvuvi aliyekosea njia akatokea nchi kavu.

Wapita njia hawakumwacha.

"Kamanda, leo umevua nini?"

"Bado. Pita ulikokuwa unakwenda."

"Anachunga magugu yake yasitoroke!"

Viggo alicheka nao, akatazama saa yake ya mkononi, akaendelea kukaa. Katika kijiji kile cha kusini mwa Funen, kisiwa cha Denmark, watu walikuwa wameacha kunyunyizia magugu dawa, kwa kuogopea maji ya visima. Badala yake kila mwenye nyumba alinunua kichomea: bomba refu la chuma lenye mtungi mdogo wa gesi, ambalo ncha yake hutema moto wa buluu. Unatembea nacho taratibu, magugu yananyauka mbele yako, na nyuma yako kokoto zinabaki safi kama zilizooshwa. Ni kazi tamu, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Cheche ikiingia chini ya ua, kwenye vijani vikavu vilivyorundikana miaka mingi, haionekani wala haitoi moshi. Inaweza kujilaza humo nusu saa nzima, kisha ikaamka mara moja. Na nyumba moja kati ya tatu kijijini hapo iliezekwa kwa matete.

Ndiyo maana Viggo, aliyekuwa kamanda wa kikosi cha zimamoto cha wanakijiji kwa miaka ishirini na miwili, alikuwa na sharti moja ambalo alilisema kila mwezi wa Aprili katika ukumbi wa kijiji, mbele ya kahawa na mikate mitamu: "Ukishafunga gesi, chukua kiti ukae saa moja. Si dakika hamsini."

Mkewe, Gudrun, alilisikia sharti hilo mara ishirini na mbili, naye ndiye aliyelitafutia maelezo ya kitaalamu. Alikuwa mwalimu wa fizikia na kemia, binti wa mfanyakazi wa kiwanda cha maziwa, wa kwanza katika ukoo wao kufika chuo. Nusu ya kijiji ilikuwa imepita darasani kwake. Hata wanaume wenye mvi walimwita Mwalimu, na wote walikumbuka alivyochora pembetatu ubaoni: kitu kinachoungua, hewa, joto. Ondoa kimoja, moto unakufa. Acha vyote vitatu, usije kunililia.

King'ora cha kituo kilipolia, Viggo alitoka mbio, naye Gudrun alibaki kwenye simu kuwaita waliochelewa kusikia. Koti la kazi la mumewe alilifua kwa mkono. Hakupenda kusifiwa, lakini alipenda kujua kwamba sifa ipo. Watu wakisema "wale Kragelund", alijua wanamaanisha watu wasiofanya kazi nusunusu.

Viggo alikufa kwa moyo mwezi wa Januari. Kikosi kizima kilibeba jeneza, na picha yake ikatundikwa ukumbini. Mwaka uliofuata mwanawe, Esben, fundi wa mabomba, akachaguliwa kuwa kamanda. Siku ile Gudrun alimfunga vifungo vya koti, ingawa mtoto alikuwa na miaka arobaini na mmoja.

"Jina hili nimelipokea safi," alimwambia. "Na wewe uliache safi."

"Mama, ni kikosi cha watu kumi na wanne na gari moja bovu."

"Umenisikia."

Kiti cha kukunja alikitundika kwenye msumari stoo, na hapo kikakaa.

*

Mwezi wa Mei, miaka mitatu baadaye, Signe, binti wa Esben, alikuwa apate kipaimara. Karamu ingefanyika bustanini kwa bibi yake. Wageni arobaini walikuwa wanakuja, miongoni mwao Karen-Margrethe, dada wa Viggo, mwanamke ambaye angeweza kuona vumbi juu ya kabati bila kupanda kiti. Gudrun alianza kazi wiki nzima kabla. Aliosha madirisha, akapiga pasi vitambaa vya meza, akabadilisha kamba ya mlingoti wa bendera. Jumamosi, siku moja kabla ya sherehe, magugu tu ndiyo yalikuwa yamebaki.

Mvua haikuwa imenyesha kwa wiki tatu. Upepo wa mashariki ulivuma, ule mkavu wa majira yale, unaopasua midomo. Gudrun alijua. Alitoa mpira wa maji, akaulaza kokotoni, akawasha kichomea.

Ng'ambo ya ua alikaa Ejnar Toft, mzee wa miaka themanini na mmoja, fundi seremala mstaafu, katika nyumba ya matete aliyoiezeka mwenyewe. Alikuwa kibarazani na kiko mdomoni na ndoo ya mchanga miguuni. Alichungulia juu ya ua.

"Mwalimu! Unachoma bustani nzima, au mimi utaniachia kidogo?"

"Wewe nakuachia magugu yako. Naona unayapenda, unayafuga."

"Yananipa salamu asubuhi. Wewe kokoto zako hazisemi."

"Kesho ukija uvae soksi zinazofanana, Ejnar. Karen-Margrethe atakuwepo."

"Kwa ajili ya yule nitavaa hata nne." Alivuta kiko, akautazama moto wa buluu ukipita karibu na mashina ya mierezi. "Kiti cha Viggo kiko wapi leo?"

"Kiko mahali pake. Nina keki ndani ya oveni."

"Haya," alisema Ejnar. "Mimi naenda kujinyoosha kidogo." Akakung'uta kiko ndani ya ndoo ya mchanga, akakibonyeza kwa kidole gumba, akakiacha juu ya benchi, akaingia ndani.

Gudrun alimaliza ukingo wa mwisho saa nane na dakika kumi. Alifunga gesi. Alisimama, akatazama ua kutoka mwanzo hadi mwisho kama anavyotazama mwalimu darasa lililonyamaza ghafla. Hapakuwa na moshi wala harufu. Alifungua maji, akamwaga hapa na pale, dakika mbili tatu hivi. Kisha saa ya oveni ikalia jikoni, akaingia.

Keki ilikuwa imeiva vizuri. Aliitoa, akaweka ya pili, akapaka ya kwanza rojo la sukari. Alikuwa akipanga lozi juu yake, moja moja, kwa duara, aliposikia sauti kama ya mvua kubwa juu ya mabati. Akafikiri: afadhali, mvua. Alipoinua macho, dirisha lilikuwa la rangi ya chungwa.

Ua wote, mita ishirini, ulikuwa unawaka. Mwerezi una mafuta, nao ukishakubali moto huutoa wote kwa mkupuo. Upepo uliulaza moto upande wa Ejnar. Gudrun aliona ndimi zake zikigusa ukingo wa matete, zikiugusa tena, kisha paa likaanza kuvuta moshi wa manjano sehemu kumi kwa pamoja.

Alipiga simu, na sauti yake ilikuwa tulivu kwa mazoea ya miaka. Alitoka na mpira wa maji, lakini maji hayakufika hata nusu ya njia. Aliita, "Ejnar! Ejnar, toka!" Joto likamrudisha nyuma. King'ora cha kituo kikalia. Na katika dakika zile, kabla gari la zimamoto halijakata kona, mikono ya Gudrun Kragelund iliokota kichomea kutoka kokotoni, ikakipeleka stoo, ikakitundika kwenye msumari wake, chini ya kiti. Hakuituma. Lakini hakuizuia.

Walifika katika muda wa dakika saba. Paa la matete halisubiri dakika saba. Esben aliingia ndani na mwenzake mmoja, wakatoka na Ejnar katika blanketi, wakamlaza barabarani. Walimkuta amelala kitandani, soksi miguuni, moja ya buluu na moja ya kijivu. Moshi ulikuwa umemkuta usingizini. Esben alimkandamiza kifua mpaka gari la wagonjwa lilipofika, na baada ya hapo aliendelea, mpaka mtu alipomshika bega.

Jioni, uso mweusi kwa masizi, Esben alimkuta mama yake jikoni. Alitazama keki mezani. Alitazama nje, kwenye kokoto, ambako magugu yaliyochomwa yalikuwa yamelala meusi kando ya mahali ulipokuwa ua.

"Ulikaa saa nzima, sivyo, Mama?"

"Ndiyo," alisema Gudrun.

Esben akaenda stoo, akachukua reki, akayakokota magugu meusi yote kutoka kokotoni mpaka barabarani; kokoto zikabaki nyeupe.

*

Kipaimara hakikuahirishwa, kwa kuwa kanisa lilikuwa na watoto tisa. Bendera ilipandishwa nusu mlingoti kwa heshima ya jirani. Wageni walikula wakiwa wamevaa makoti, kwa maana bustani sasa ilikuwa wazi na upepo ulipita na harufu ya matete yaliyoungua. Karen-Margrethe alizunguka nyumba nzima kwa mkongojo wake, akarudi, akamshika Gudrun mkono.

"Maskini, katika balaa lote hili," alisema. "Na bado hakuna gugu hata moja."

Gudrun akamkatia keki.

Polisi walikuja na mtaalamu. Ua ulikuwa umeteketea wote, na paa lilikuwa limeanguka upande uleule, kwa hiyo haikuwezekana kusema kwa hakika moto ulianzia wapi. Katika majivu, pale kibaraza na chumba vilipoangukiana, walipata kiko. Wakaandika kwamba huenda chanzo kilikuwa tumbaku iliyovutwa ndani. Walimwuliza Gudrun kama aliona chochote, akasema alikuwa jikoni. Hilo lilikuwa kweli.

Kijiji kililitupa neno "huenda" ndani ya wiki moja. Dukani walisema, "Mzee na kiko chake." Kwenye kituo cha basi walisema, "Tulimwambia." Mtu alipomsema Ejnar hivyo mbele ya Gudrun, yeye alipanga vitu vyake kapuni, akatoka.

Mwisho wa Agosti alikuja Solvej, binti wa pekee wa Ejnar, muuguzi katika mji wa Aarhus, kutazama kiwanja kabla hakijasafishwa. Gudrun alimwita kwa kahawa, kwa sababu kutomwita kungeonekana. Solvej alikuwa mwanafunzi wake zamani. Alikaa amejikunyata, koti hakuvua.

"Mwalimu, sijui kwa nini nakueleza hili. Tulikuwa tumegombana. Alhamisi ile, kwenye simu. Nilimwambia, baba, utajiunguza na hicho kiko, nakuletea vipande vya plasta vya kuachia tumbaku. Akaniapia. Akasema yeye ndani ya nyumba havuti kamwe, ni kibarazani tu, na ndoo ya mchanga iko pale. Nikamwambia simwamini. Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake."

"Solvej..."

"Halafu inaonekana nilikuwa sahihi." Alicheka kidogo, cheko baya. "Ndilo linaloniuma. Alinidanganya, tena kwa kiapo. Hakuwa mtu wa hivyo, baba yangu."

Gudrun alinyanyua birika. Lilikuwa zito kama limejaa mawe. Akammiminia kahawa, akasema, "Baba yako alikuwa mtu mwema," na Solvej akaitikia kwa kichwa, kama mtu anavyoitikia maneno ya kadi ya rambirambi.

Jumapili ile Gudrun alimwambia Esben.

"Sikukaa saa moja. Sikukaa hata dakika tano."

Esben aliendelea kukata nyama. "Najua."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu niliposhika reki. Mama, hili tuliache. Mzee Ejnar hakuna kinachomwumiza tena."

"Ana binti."

"Na mimi nina binti! Mjukuu wa Viggo Kragelund. Unataka aende shule watu wakimwambia nini? Bibi yako alimchoma jirani kwa ajili ya karamu yako?" Aliweka kisu chini. "Na mimi? Nilifuta ushahidi, nikiwa na koti la baba mwilini. Wewe ndiye uliyeniambia niliache jina safi."

Ni kweli kwamba Gudrun alimwambia hivyo. Alinyamaza vuli yote na majira ya baridi yote. Alipungua mwili. Asubuhi, akifungua pazia la jikoni, alikiona kiwanja kitupu, na katikati yake bomba la maji lililosimama peke yake, ambalo hakuna aliyekumbuka kulikata.

*

Mwezi wa Aprili ukafika, na pamoja nao mkutano wa ukumbini. Mchana wa siku ile Gudrun aliandika barua ya kurasa mbili kwenda Aarhus. Aliitia kwenye sanduku la posta barabarani, akasubiri mpaka aliposikia imeanguka chini. Alifanya hivyo makusudi, apate kujizibia njia ya kurudi. Kisha akaenda stoo.

Ukumbi ulikuwa na watu kama hamsini. Esben alisimama chini ya picha ya baba yake, akaeleza habari za ving'ora vya moshi na betri zake. Alipofika kwenye vichomea alisoma haraka, bila kuinua macho: saa moja, kiti, maji. Mwenye duka, Bent Aage, akapaza sauti kutoka nyuma.

"Na wenye viko je, Kamanda? Wao wakae saa ngapi?"

"Wakae na Ejnar!" alijibu mwingine, na baadhi wakacheka.

Gudrun alikuwa mstari wa mbele. Alisimama, akatembea mpaka mezani, na hapo ndipo watu walipoona alichokuwa amekibeba chini ya koti refu. Akakiweka kichomea katikati ya vikombe.

"Mama," alisema Esben kwa sauti ya chini. "Keti."

"Kicheko hicho kinatosha," alisema Gudrun, na ukumbi ukanyamaza, kwa kuwa ilikuwa sauti ileile ya darasani. "Tarehe tisa Mei mwaka jana nilifunga gesi saa nane na dakika kumi. Upepo ulikuwa wa mashariki, na ua ulikuwa mkavu. Nilimwaga maji kwa dakika tatu kwa makisio yangu, na makisio ya mtu mwenye haraka hayafai kitu. Niliingia ndani kupamba keki. Saa tisa kasoro ishirini ua ulikuwa unawaka. Ejnar Toft alikuwa amekizima kiko chake ndani ya mchanga, nikimwona. Tena aliniuliza kiti kiko wapi. Moto ulikuwa wangu. Baadaye nilikificha kitu hiki, nikasema uongo. Kesho nitakwenda polisi."

Kiti kimoja kilikwaruza sakafu. Bent Aage alitazama viatu vyake.

"Mwalimu," alisema mwanamke mmoja, taratibu, "ilikuwa ajali tu. Kulikuwa na haja gani ya kuifukua?"

"Mmemcheka sasa hivi," alisema Gudrun.

Watu walitoka mmoja mmoja, na hakuna aliyekunywa kikombe cha pili. Esben alikusanya karatasi zake, akavua koti la ukamanda, akalikunja vizuri, kama mama yake alivyomfundisha, akaliweka mezani kando ya kichomea. Alipita karibu naye bila kumgusa.

Polisi waliandika upya. Kulikuwa na faini, na kulikuwa na hukumu ya kifungo ambacho hangekitumikia kwa sababu ya umri na kwa kuwa alikiri mwenyewe. Esben naye alihojiwa kuhusu reki, na hakurudi kwenye kikosi. Picha ya Viggo ilibaki ukutani, ila sasa watu walikaa wakiipa mgongo. Jumapili Gudrun alipika chakula cha mtu mmoja. Dukani walimhudumia upesi sana.

Barua yake haikujibiwa.

Jumamosi ya kwanza kavu ya Mei alisikia mlio wa gesi kutoka upande wa pili wa barabara. Bent Aage alikuwa akichoma kando ya ua wake. Gesi ikanyamaza, mlango ukafungwa. Gudrun alisubiri kuona kama atatoka tena. Hakutoka. Basi akatwaa kiti cha Viggo kutoka kwenye msumari, akavuka barabara, akakifungua mbele ya ua usio wake, akaketi na ndoo mbili za maji. Pazia la Bent Aage lilisogea, kisha likafungwa.

Alikuwa amekaa hapo dakika ishirini gari lilipokuja na kusimama kwenye kiwanja kitupu. Solvej alishuka. Alisimama kitambo kirefu karibu na lile bomba la maji, mikono mifukoni, kisha akavuka barabara. Hakusalimia. Alikuwa na barua mkononi, imekunjwa na kukunjuliwa mpaka imelainika.

"Nataka kulisikia kwa mdomo wako," alisema. "Alikuwa anavutia wapi?"

"Nje. Kibarazani."

"Na kiko?"

"Alikikung'uta mchangani, akakibonyeza kwa kidole gumba, akakiacha kwenye benchi, ndipo akaingia kulala. Nilimwona kwa macho yangu."

Solvej aligeuza uso, mabega yakamtetema. Gudrun hakuinuka, wala hakunyoosha mkono, maana alijua kwamba mkono wake haukutakiwa. Baada ya muda Solvej alijifuta kwa kiganja.

"Mwaka mzima," alisema. "Mwaka mzima nimemchukia kwa uongo huo."

"Ndiyo."

"Sikusamehe, Mwalimu."

"Sikuandika kwa ajili hiyo."

Solvej alitazama kiti, ndoo, na ua wa watu uliokuwa umetulia bila moshi wala harufu.

"Hapa unafanya nini?"

Gudrun aliangalia saa yake.

"Zimebaki dakika thelathini na nne," alisema.

Solvej alirudi kwenye gari. Gudrun aliusikia mlango wake ukifungwa na injini ikiwaka, kisha gari likaondoka, na hakugeuka kulitazama. Macho yake yalikuwa chini, kwenye mashina, mahali ambapo vijani vikavu vilikuwa vimerundikana.